Kila Jina ni Deni

Hadithi hadithi! Hadithi njoo, utamu kolea. Wanangu, pale pa "uongo njoo" leo nimeparuka makusudi, kwa sababu yote nitakayowasimulia yalitokea kweli. Ni hadithi ya watu wanaotunga lugha za kompyuta, na ya ahadi walizowapa watu ambao hawatawaona maishani mwao.

Tuanzie Cambridge, Uingereza, mwaka 1949. Katika maabara ya hisabati ya chuo kikuu cha huko, Maurice Wilkes na wenzake walikuwa wameunda kompyuta iliyojaza chumba kizima. Waliiita EDSAC. Tarehe 6 Mei mwaka huo iliendesha programu yake ya kwanza, ikachapa jedwali la namba zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe: 0, 1, 4, 9, 16, ikaendelea hivyo. Programu hazikuandikwa kwa kibodi kama zenu. Mtu alitoboa matundu kwenye utepe mrefu wa karatasi, kisha mashine ikaumeza utepe na kuyasoma matundu.

Haukupita muda Wilkes akang'amua jambo lililomkosesha raha: sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingeishia katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Kila aliyehitaji kipeuo cha pili alikaa akaandika upya hatua zilezile, na kila mmoja akakosea kwa namna yake. Dawa yake ikawa hii: kazi inayorudiwarudiwa iandikwe mara moja, ihakikiwe vizuri, halafu wote waitumie. Mwanafunzi mmoja wa hapo, David Wheeler, akabuni mbinu ya kuifanya programu iruke mpaka kwenye hatua hizo, izitekeleze, kisha irudi palepale ilipoachia. Hatua za kila kazi zikatobolewa kwenye utepe mfupi wa peke yake, utepe ukapewa lebo na kuwekwa kabatini. Ukitaka kugawanya namba, unauchukua utepe wa kugawanya, unaunakili ndani ya utepe wa programu yako, halafu unaurudisha. Kufikia mwaka 1951 kabati lilikuwa na kazi 87 za namna hiyo.

Leo kila lugha ya kompyuta huja na mkusanyiko kama huo, nasi tunauita maktaba sanifu. Humo mna kazi za kupanga orodha, kusoma faili, kujua saa, kuhesabu herufi, kuzungumza na kompyuta nyingine. Lugha huja pia na kompaila, yaani programu inayosoma mlichoandika na kukigeuza kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Lugha nyingine, kama Python, hutumia mkalimani anayetekeleza huku akisoma. Tofauti hiyo haitatusumbua leo.

Kuna tofauti nyingine inayotuhusu zaidi, isikilizeni vizuri. Pale Cambridge, ukishaunakili utepe, nakala ni yako. Hata kama Wheeler angeubadilisha ule wa kabatini kesho yake, programu yako isingetikisika. Siku hizi hatunakili. Tunaandika jina tu, na kompaila ndiyo inayokwenda kulitafuta jina hilo katika maktaba ya toleo la lugha lililomo kwenye mashine. Kwa hiyo mtu aliye mbali, ambaye hajaligusa faili lako, akibadilisha kilichopo nyuma ya jina, programu yako inabadilika. Akiliondoa jina, programu yako inagoma.

Wahenga walishasema ahadi ni deni. Kila jina linaloingia katika maktaba sanifu linamwahidi mtumiaji: ukiniita nitakuwepo, na nitafanya kilekile nilichofanya jana. Hebu tuone deni hilo linavyolipwa, na yaliyowapata waliojaribu kulimaliza kwa mkupuo.

Deni la kwanza ni la jina lenye herufi nne tu: gets.

Lugha ya C ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Dennis Ritchie. Katika maktaba yake mlikuwa na amri iitwayo gets, ambayo husoma mstari mmoja wa maandishi yanayoingia na kuuweka mahali ulipotenga ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Ubaya wake ni kwamba haiulizi mahali hapo pana nafasi kiasi gani. Ukitenga nafasi ya herufi 512 na mtu akatuma 536, gets inaziandika zote 536. Zile 24 za ziada zinafunika chochote kilichokuwa jirani.

Namba hizo sikuziokota hewani. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti programu inayojisambaza yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kupitia huduma iitwayo finger, iliyokuwa ikitumia gets na kutenga nafasi ya herufi 512. Programu ya Morris iliipelekea huduma hiyo herufi 536 zilizopangwa kwa ujanja, hivi kwamba zile za ziada ziliangukia mahali ambapo kompyuta hutazama ili ijue itekeleze nini baadaye. Kompyuta ikageuka mtumwa wa mgeni. Mashine nyingi za vyuo na maabara za Marekani zilielemewa usiku ule, na wasimamizi wake wakakesha wakizichomoa kwenye mtandao.

Mtadhani gets ilifutwa wiki iliyofuata. Thubutu! Mwaka 1989 Marekani ilipopitisha kanuni rasmi za kwanza za lugha ya C, gets ilikuwemo. Watu walijua ubaya wake, na mbadala wake, fgets, ambayo hudai kwanza utaje ukubwa wa nafasi, ulikuwemo pia katika kanuni hizohizo. Lakini programu zilizokuwa zikiiita gets zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na hakuna aliyekuwa na orodha yake. Jina liliondolewa katika kanuni za mwaka 2011, miaka 23 baada ya usiku ule. Hata baada ya hapo, maktaba ya C inayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux imeendelea kuibeba gets chinichini, ili programu zilizokwisha kutafsiriwa miaka ya nyuma zisikatike ghafla. Programu mpya inayojaribu kuiita hupewa onyo kwamba amri hii ni ya hatari.

Basi wako waliotazama madeni ya namna hii yakirundikana, wakasema: tuyafute yote siku moja, tuanze upya na daftari safi. Hao ni watu wa Python.

Python ilianzishwa na Mholanzi Guido van Rossum, katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti jijini Amsterdam. Aliitoa hadharani mwaka 1991. Watu waliipenda kwa urahisi wake, na kwa sababu maktaba yake sanifu ilikuwa pana. Wenyewe walijisifu kwamba lugha yao inauzwa na betri zake ndani. Lakini kadiri miaka ilivyopita, maamuzi ya utotoni yakaanza kuwakera. Ngoja niwaonyeshe mawili.

La kwanza: gawanya 7 kwa 2. Ninyi mtasema 3.5. Python 2 ilisema 3. Ikiwa namba zote mbili ni nzima, iliitupa sehemu iliyobaki bila kusema neno. Mwanafunzi anayetafuta wastani wa alama za darasa angepata jibu lisilo sahihi, wala pasingekuwa na onyo lolote.

La pili liko karibu na kwetu. Chukueni neno Gĩkũyũ, kama Wakikuyu wa Kenya wanavyoliandika. Hesabuni herufi: G, ĩ, k, ũ, y, ũ. Ni sita. Lakini ukiiuliza Python 2 urefu wa neno hilo kwenye kompyuta ya kawaida ya Linux, ilikujibu 9. Sababu ni kwamba ilikuwa ikihesabu baiti, vile vipande vidogo vya kumbukumbu, na kila herufi yenye alama juu yake ilichukua baiti mbili. Mwingereza hakuliona tatizo hili kwa sababu kila herufi yake hutosha katika baiti moja. Hata sisi Waswahili tunaoandika kwa herufi za Kilatini tusingeliona. Aliyeumia ni Mkikuyu, Mwarabu, Mchina, Mrusi, na yeyote aliyejaribu kulikata neno katikati akajikuta ameigawa herufi vipande.

Makosa kama haya huwezi kuyarekebisha bila kuvunja ahadi. Ukiifanya 7 gawanya kwa 2 iwe 3.5, programu zilizokuwa zikitegemea 3 zinaharibika. Ukiyatenganisha maandishi na baiti, programu zilizokuwa zikivichanganya zinagoma. Watu wa Python walilijua hilo, wakaamua kuvunja kwa makusudi. Tarehe 3 Desemba 2008 walitoa Python 3.0. Ndani yake 7 gawanya kwa 2 ni 3.5, na Gĩkũyũ ina herufi sita. Hata amri ya print, ambayo kila anayejifunza Python huanza nayo, ilibadilika: zamani uliandika print kisha maneno yako, sasa ni lazima maneno yawe ndani ya mabano. Programu ya kwanza kabisa iliyokuwa katika vitabu vya wanafunzi ikawa haifanyi kazi tena.

Mpango haukuwa wa kijinga. Walitengeneza chombo cha kuigeuza programu ya Python 2 iwe ya Python 3, wakitarajia kila mtu ataiendesha programu yake humo mara moja na kuhamia toleo jipya. Lakini waliojaribu walikutana na vikwazo viwili.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba chombo kiliweza kuongeza mabano kwenye print, ila hakikuweza kujua mwandishi alikusudia nini. Mahali palipoandikwa maneno katika alama za nukuu, je, ni maandishi ya kusomwa na watu au ni baiti za kutumwa kwenye waya? Jibu lilikuwa kichwani mwa aliyeandika, na pengine aliyeandika alishahama kazi.

Cha pili ni kikubwa zaidi. Programu haisimami peke yake. Yako inatumia maktaba ya fulani, ya fulani inatumia ya mwenzake, na huyo mwenzake ni mtu anayejitolea jioni baada ya kazi. Huwezi kuhamia Python 3 kabla yao. Nao wakiangalia watumiaji wao, wanaona wote wako Python 2, basi haraka ya nini? Kila mmoja akamsubiri mwenzake atangulie. Tena mwenye maktaba hakuweza kuhama tu. Ilimpasa awahudumie waliohama na wasiohama kwa msimbo uleule. Benjamin Peterson akaandika maktaba ndogo ya kuwasaidia watu kama hao, akaiita six, kwa kuwa 2 mara 3 ni 6.

Watunza lugha wakajifunza kulegeza. Mwaka 2012, katika toleo la 3.3, walirudisha alama moja ndogo ya zamani, herufi u inayotangulia maandishi. Ndani ya Python 3 herufi hiyo haifanyi chochote. Ilirudishwa ili tu faili moja liweze kusomwa na Python zote mbili. Python 2 ilikuwa imepangiwa kuachwa mwaka 2015. Mwaka 2014 wakasogeza tarehe hadi 2020. Tarehe 1 Januari 2020 matunzo yakakoma, na Aprili mwaka huo likatoka toleo la mwisho kabisa, 2.7.18. Tangu 3.0 ilipotoka ilikuwa imepita zaidi ya miaka 11 ya lugha mbili zenye jina moja kuishi nyumba moja.

Je, walikosea? Walikokwenda palikuwa pazuri. Leo Mkikuyu anahesabu herufi zake bila shida, na Python inafundishwa dunia nzima. Gharama ilikuwa kwenye njia waliyoipitia. Nao walijirekebisha. Mwaka 2022 walipotangaza kwamba sehemu 19 za maktaba sanifu zimechakaa na zitaondolewa, hawakuziondoa siku hiyo. Waliziwekea maonyo, na zikatolewa katika toleo la 3.13 la Oktoba 2024. Mtu alikuwa na miaka miwili ya kusikia onyo na kutafuta mbadala.

Kuna mahali ambapo hata miaka 11 haisaidii, napo ni kwenye tovuti. Tovuti iliyoandikwa mwaka 2007 bado inafunguka kwenye simu yako leo, wala hakuna anayejua mwenyewe yuko wapi. Mwaka 2018 kamati inayosimamia JavaScript, lugha ya vivinjari, ilitaka kuongeza amri ya kuifanya orodha yenye orodha ndani yake iwe orodha moja bapa. Jina walilochagua lilikuwa flatten. Kivinjari cha Firefox, katika toleo lake la majaribio, kilipoijaribu, angalau tovuti moja maarufu ikaharibika. Kumbe miaka mingi nyuma maktaba moja maarufu, MooTools, ilikuwa imejiongezea amri ya jina hilohilo, nayo iligongana na hii mpya. Mmoja wa wanakamati akapendekeza kwa mzaha jina smoosh, na mjadala ukawaka hadi watu wa nje wakashangaa. Mwishowe wakaiita flat, na ndivyo inavyoitwa hadi leo. Wenye lugha yao ndio waliopisha njia, kwa sababu ya watu wasiojulikana walioacha kazi zao mtandaoni.

Wa mwisho katika hadithi yetu ni watu wa Rust, ambao waliyaona mengi ya haya kabla ya kuahidi.

Rust ilianza mwaka 2006 kama kazi ya pembeni ya Graydon Hoare, aliyekuwa akiishi Vancouver, Kanada. Yeye husimulia kwamba alirudi nyumbani akakuta lifti ya jengo imeharibika tena, kwa sababu programu yake iligoma, ikambidi apande ngazi. Akawaza: kwa nini tunashindwa hata kuandika programu ya lifti isiyogoma? Kosa la aina ya gets, la kuandika nje ya nafasi uliyopewa, ni miongoni mwa makosa ambayo lugha yake ilikusudia kuyazuia. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo Rust ilibadilika mno. Programu ya mwezi huu haikukubaliwa na kompaila ya mwezi ujao. Hapo hapakuwa na kuvunja ahadi, maana ahadi haikuwa imetolewa. Ilitolewa tarehe 15 Mei 2015, lilipotoka toleo la 1.0: programu inayokubaliwa leo itaendelea kukubaliwa na matoleo yajayo. Tangu hapo toleo jipya hutoka kila baada ya wiki sita.

Sasa utabadilishaje lugha uliyoahidi kutoivunja? Tazameni neno async. Mwaka 2015 lilikuwa neno huru. Ungeweza kuliita jina la kitu chochote katika programu yako. Baadaye watunza Rust walilihitaji liwe neno la lugha yenyewe, la kuandikia kazi zinazoweza kusubiriana bila kuzuiana. Wangelichukua hivihivi, kila programu iliyokuwa na kitu kiitwacho async ingekataliwa. Wakabuni utaratibu wa mahariri, yaani seti za kanuni za lugha zinazotambulishwa kwa mwaka. Katika faili la maelezo ya programu yako unaandika mwaka: 2015, 2018, 2021 au 2024. Ukiandika 2015, kompaila inakusoma kwa kanuni za 2015, na async ni jina lako. Ukiandika 2018 au zaidi, async ni neno la lugha. Kompaila ni ileile moja, inazijua kanuni zote, na programu ya hariri la 2024 inaweza kutumia maktaba iliyoandikwa kwa hariri la 2015 bila ugomvi. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Fundo lililowakaba watu wa Python kwa miaka 11 likafunguka.

Ila kuna kitu ambacho mahariri hayakigusi, nacho ni maktaba sanifu. Maktaba ni moja kwa wote, kwa sababu vitu vyake husafiri kutoka programu hadi programu, na lazima wote wawe wanazungumzia kitu kilekile. Kwa hiyo jina likishaingia humo, limeingia. Mfano ni amri ya kuondoa nafasi tupu mwanzoni mwa maandishi. Mwanzoni waliiita trim_left, yaani punguza kushoto. Anayeandika Kiingereza anaona sawa, mwanzo wa mstari uko kushoto. Lakini Kiarabu huanza kulia, na hati za Kiswahili za Lamu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu huanza kulia vilevile. Kwa maandishi ya namna hiyo, "kushoto" ya trim_left iko upande wa kulia! Mwaka 2018 wakaongeza jina sahihi, trim_start, yaani punguza mwanzoni. Lile la zamani likapewa alama ya kuachwa: ukilitumia, kompaila inakuonya na kukutajia lile jipya. Kuliondoa hawawezi. Lipo hadi leo, deni linalipwa taratibu.

Kwa kuwa kuingia ni rahisi na kutoka hakuna, mlangoni kuna ulinzi. Kitu kipya cha maktaba huanza kikiwa cha majaribio. Hakitumiki katika kompaila ya kawaida, bali katika ile inayotoka kila usiku, tena baada ya mtumiaji kuandika wazi kwamba anakubali kitu hicho kinaweza kubadilika. Humo jina linaweza kubadilishwa hata mara tatu bila kumwonea mtu. Likishakomaa, ndipo linaahidiwa.

Pia wana chombo kiitwacho Crater. Mabadiliko yakitiliwa shaka, Crater huchukua idadi kubwa mno ya programu ambazo watu wameziweka hadharani, huzitafsiri kwa kompaila ya zamani, huzitafsiri tena kwa ile mpya, kisha hulinganisha. Programu iliyokubaliwa mwanzo na kukataliwa baadaye huandikwa kwenye ripoti. Lile ambalo watu wa C hawakuwa nalo, orodha ya wanaotumia jina fulani, hawa wanalo angalau kwa sehemu.

Hata hivyo, Julai 2024 waliumia. Toleo la 1.80 lilitoka, na wengi waliolisakinisha wakakuta programu zao zinakataliwa. Chanzo kilikuwa maktaba moja inayotumiwa sana kushughulikia tarehe na saa, iitwayo time, katika matoleo yake ya nyuma. Cha kushangaza, watunza Rust hawakuwa wameondoa wala kubadilisha chochote ambacho time ilikitumia. Walikuwa wameongeza tu namna moja mpya ya kukusanya maandishi.

Ikawaje kuongeza kukaharibu? Ukimwambia mtoto "niletee kikombe" na mezani kuna kikombe kimoja, atakuletea hichohicho bila kuuliza. Ukiweka cha pili, atakuuliza: kipi? Ndivyo ilivyokuwa. Maktaba ya time iliiambia kompaila ikusanye vitu bila kutaja aina ya mkusanyiko kwa ukamilifu, na kwa kuwa namna iliyowezekana ilikuwa moja, kompaila ilijaza pengo yenyewe. Ilipoongezwa namna ya pili, kompaila ikakataa kubahatisha. Ripoti ya Crater ilikuwa imeonyesha mapema kwamba kuna watakaoguswa, na kanuni za Rust zinaruhusu madhara madogo ya aina hiyo. Toleo la time lililorekebishwa lilikuwa limeshatoka. Lakini walioganda kwenye matoleo ya zamani walikuwa wengi, na manung'uniko yakawa makubwa. Ripoti iliweza kuhesabu programu zitakazovunjika. Kilichobaki kwa binadamu kilikuwa kupima uzito wa kuvunjika huko, na walipima kwa chini.

Wanangu, huenda kuna kati yenu ambaye tayari anaandika programu, na pengine siku moja ataandika maktaba itakayotumiwa na wengine. Siku hiyo, majina yako mengi yaache ndani, yasionekane na mtu wa nje. Toa yale machache tu uliyokwisha kuyajaribu katika programu zako mwenyewe. Ukitaka kubadilisha jina, acha la zamani lifanye kazi kwa kuliita jipya, na liwekee onyo linalomwambia mtu atumie nini badala yake na kuanzia toleo lipi. Usitoe toleo la 1.0 kwa sababu rafiki zako wameshatoa. Litoe siku utakayokuwa tayari kulipa.

Na wakati mkiwa bado watumiaji tu, fanyeni moja. Toleo jipya la lugha yenu likikaribia kutoka, chukueni lile la majaribio, muendeshe programu zenu humo. Kikivunjika kitu, waandikieni wenye lugha, muwaonyeshe mistari michache iliyoleta shida. Crater husoma programu zilizowekwa hadharani tu. Ile iliyomo kwenye kompyuta ya shule yenu haiwezi kuiona, na aliyewaahidi hajui kwamba mpo mpaka mumwambie.